Jino Langu la Mbele na Fahali wa Baba

Balaa ilianzia kwenye chupa ya soda. Nasema wazi ili mwenye tabia kama yangu ajue. Kwa miaka ishirini nilikuwa nafungua chupa kwa meno, kwenye harusi, kwenye matanga, popote watu walipotafuta kifungulio na mimi nikiwa karibu. Mwaka jana kizibo kimoja kilikataa, nami nikakataa kushindwa na kizibo, na jino la mbele la juu likavunjika hadi kwenye mzizi. Hospitalini walimaliza kuling'oa kwa dakika kumi, na bima ya serikali ikanisaidia kulipa. Kulirudisha ndiko kulikonitoa nyumbani.

Mtu mwingine angetembea na pengo lake na maisha yakaendelea. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Asembo Bay, lakini Jumamosi huongoza bendi ya tarumbeta ya watu wanane, na kwetu mzee hazikwi kimyakimya. Tarumbeta hupigwa kwa midomo, na midomo huegemea meno ya mbele. Bila lile jino mdomo wa juu ulizama ndani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyefungwa. Nikaenda soko la Kibuye, nikampata jamaa anayeuza meno ya plastiki yenye kibamba cha kushika kwenye kaakaa, nikanunua moja, nikavaa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunamzika mwalimu mstaafu. Nilipotoa tarumbeta mdomoni nivute pumzi, jino likatoka nayo, likatua kwenye mchanga mbele ya jeneza. Hata mjane alicheka. Mimi nilikaa wiki mbili sijacheka.

Baba yangu, Mzee Opiyo, anakaribia miaka tisini, na ana pengo lake mwenyewe. Ni wa kizazi cha mwisho cha Wajaluo waliong'olewa meno sita ya chini wakiwa watoto, kama desturi ilivyotaka. Habari za jino langu zilipomfikia, aliniita nyumbani kwake.

"Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "mimi walitoa sita, na fundi akapewa jogoo moja tu. Wewe moja inakusumbua?"

"Baba, wewe hupigi tarumbeta."

"Ndio maana nakuambia. Mimi sitaki kuzikwa na tarumbeta ya kukodi. Enda Kisumu utengeneze hiyo kitu mapema. Mimi pia si kijana."

Alisema akitabasamu, lakini mkono wake aliuweka juu ya goti langu na hakuutoa, na kifua chake kilikuwa kinakoroma. Niliogopa. Daktari simwogopi, niliogopa kuchelewa. Nilikuwa na akiba ya elfu themanini, na nilikuwa nimeona tangazo kwenye ukuta wa kliniki moja Kisumu: jino la kupandikiza, kuanzia elfu themanini. Nikajiona nimeshamaliza kazi.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha pikipiki yangu. Kina mama walikuwa tayari wameanza kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, na harufu yake ilinisindikiza hadi nilipoacha ziwa nyuma. Ndori nilisimama nikanywa uji, kwa sababu sikujua nitakula tena lini. Baada ya hapo ni lami tupu, vilima, shule zenye ua wa michongoma, na watoto wa sare wakipungia mkono kila kinachopita.

Kisian ziwa lilijitokeza tena mkono wa kulia, pana na la kijivu, na ndege moja ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa na pesa mfukoni, pikipiki haikuwa na kelele yoyote nisiyoijua, na niliamini kwamba jioni ile ningekuwa mtu mwenye meno kamili. Ujinga mwingine una raha yake.

Saa tatu na nusu nilikuwa kwenye kliniki, ghorofa ya pili, mjini Kisumu. Kwenye benchi nilimkuta mama mmoja amekaa na mkoba mkubwa mapajani. Jina lake Mama Shiru. Wazazi wake walitoka Nyeri, yeye anauza nguo za mtumba Kibuye, na haoni sababu ya kumnyamazia mgeni.

"Umekuja ya kung'oa ama ya kuweka?" akaniuliza.

"Ya kuweka."

"Moja?"

"Moja tu."

"Na umebeba ngapi, Baba?"

Niliinua kidevu. "Themanini."

Alicheka hadi dada wa mapokezi akageuka. "Themanini ni ya skurubu ya kuingia kwa mfupa! Jino yenyewe bado. Mimi pia walinishtua hivyo mwaka jana."

Akanieleza. Yeye na wanawake wengine tisa wa Kibuye wana chama, na kila mwezi mmoja wao hupokea mchango wa wote. Alipohitaji jino la kutafunia aliomba zamu yake isogezwe mbele, akalipia skrubu. Miezi iliyofuata akaweka kidogo kidogo, akalipia jino. Leo alikuja kuangaliwa tu.

"Sikia," akasema. "Usiingie huko ndani na aibu. Ambia daktari akuandikie kila kitu kwa karatasi, mpaka ya mwisho. Mimi nikienda kununua mtumba nauliza bei ya belo yote. Siulizi bei ya shati ya juu."

Daktari Nekesa ni mama mfupi, mpole, mwenye mikono isiyo na haraka. Alinipiga picha ya taya kwa mashine inayokuzunguka kichwa, akaitazama kwenye skrini, kisha akanionyesha mahali jino lilipokuwa. Mfupa wangu ulikuwa bado mnene. Alisema ningengoja mwaka mwingine ungeanza kulika, na ningelazimika kuongezewa unga wa mfupa, ambao nao una bei yake.

Nikamwomba aandike kila kitu. Aliandika bila kukunja uso. Picha ilikuwa elfu saba. Skrubu ya titani pamoja na upasuaji, elfu themanini. Kile kiungo kinachokaa juu ya skrubu pamoja na taji, yaani jino lenyewe linaloonekana, elfu hamsini na tano. Jumla laki moja na elfu arobaini na mbili. Niliitazama ile karatasi na masikio yangu yakapata moto. Nilikuwa nimekuja na nusu ya jino.

"Kuna njia zingine," akasema. "Plastiki nzuri ya kuvaa na kuvua, elfu kumi. Ama daraja: nasaga meno mawili ya kando, nafunga matatu pamoja, elfu hamsini na nne. Watu wengi wanaendelea vizuri na daraja."

"Na mtu wa tarumbeta?"

Aliweka kalamu chini. "Hiyo ungeniambia kwanza."

Akanieleza kama fundi anavyomweleza fundi mwenzake, na kwa hilo namheshimu. Plastiki itacheza kila nikipuliza. Daraja litashika, lakini itabidi tusage meno mawili mazima, na siku likilegea nitakuwa nimepoteza matatu. Skrubu husimama peke yake kwenye mfupa, bila kuwasumbua majirani.

Kuhusu malipo hakunificha. Bima ya serikali hailipii kupandikiza. Bima za kazini, baadhi hulipa sehemu, nyingi husema ni urembo, na mimi sina hata moja. Kuna kampuni ya mikopo inayolipia wagonjwa, nao wanarudisha kila mwezi na riba juu yake. Mwenye sacco anaweza kukopa kwa riba ndogo akipata wadhamini. Nairobi katika hospitali ya kufundishia madaktari bei huwa chini, ila foleni ni ndefu, na nauli ya kwenda na kurudi mara tano sita nayo ihesabiwe. Kliniki yake yenyewe hupokea kwa hatua mbili: skrubu leo, jino baada ya miezi minne.

"Miezi minne?"

"Mfupa lazima ukumbatie skurubu kwanza. Nikiharakisha, inalegea, na pesa yako imepotea."

Nikamwambia habari za Baba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Pole, Bwana Odhiambo. Mfupa haujui Mzee ana miaka ngapi." Kisha akaongeza, "Na usianze kama hujui pesa ya jino itatoka wapi. Nimeona watu wanakaa mwaka na skurubu bila jino. Inaniuma."

Nililipia picha, nikabaki na elfu sabini na tatu, ambayo sasa haikutosha hata skrubu. Nikashuka ngazi nimekasirika. Nililikasirikia tangazo, na nilijikasirikia mimi ninayewaambia wateja kila siku kwamba bei ya pistoni si bei ya injini.

Mamboleo, saa kumi na moja jioni, nilifika kwa dada yangu Akinyi. Ana hoteli ndogo karibu na makutano, ambapo madereva wa malori ya Kakamega na Eldoret hushuka kula. Alinipakulia ngege mzima na ugali, kichwa cha samaki kikielekea upande wangu kama kinavyowekewa mgeni, nikakitafuna kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwonyesha karatasi. Alisoma akitingisha kichwa.

"Owadwa, ndugu yangu, hii ni bei ya ng'ombe mbili."

"Najua, dada."

"Kwani huwezi piga ngoma?"

Nilinawa mikono. Nilimpigia Baba simu, nikamwambia bei ilivyo, nikamwambia nitarudi nyumbani, nitafute wadhamini wa mkopo, nirudi Kisumu baada ya mwezi mmoja au miwili. Alisema amesikia, akakata.

Jumanne, saa moja asubuhi, simu yangu ililia nikiwa nakunywa chai. Ulikuwa ujumbe wa pesa: elfu sitini na tano, kutoka kwa mchinjaji wa kule kwetu. Kabla sijaelewa, Baba akapiga.

"Imefika?"

"Imefika, Baba. Ni ya nini?"

"Nimeuza Rateng'."

Lazima nieleze. Rateng' ni fahali mweusi ambaye Baba alimtenga miaka minne iliyopita kwa siku ya maziko yake. Kwetu mzee mwenye boma hujiandalia. Kila mtu kijijini alimjua Rateng' na alijua anangoja nini, na hakuna aliyethubutu kuuliza bei yake. Akinyi aliposikia alininyang'anya simu, akaiweka kwenye spika.

"Baba, umefanya nini? Watu watasema tumekula matanga yako kabla hujaenda! Mzee kuzikwa bila ng'ombe yake ni aibu ya boma yote."

"Watu watakula maharagwe," Baba akasema. "Maharagwe imeua nani?"

"Baba!"

"Nyamaza, Akinyi. Mimi nikilala pale, nitaonja supu ya Rateng'? Sitaonja. Nitasikia tarumbeta? Hata hiyo sitasikia. Sasa huyo kijana atengeneze jino yake, anipigie nikiwa bado na masikio."

Akinyi alirudi jikoni, akaanza kukatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Mimi nililia. Nina miaka arobaini na saba, na nililia mbele ya madereva watatu wa malori, na hakuna hata mmoja aliyenicheka.

Jumatano, saa nne, nililala kwenye kiti cha Daktari Nekesa. Nilikuwa nimetegemea maumivu ya kung'oa, lakini baada ya sindano ya ganzi nilichosikia ni mtetemo tu, kama mtu anayetoboa ukuta wa nyumba ya jirani. Kisha akachukua kifaa kidogo chenye mizani kwenye shina. Nikakitambua.

"Hiyo ni spana ya kupima nguvu," nikasema kwa ulimi uliokufa.

Alisimamisha mkono. "Umeijuaje?"

"Mimi hukazia kichwa cha silinda."

"Basi unajua kwa nini hatukazi na hasira," akasema, naye na msaidizi wake wakacheka, na mimi nikacheka kwa upande uliokuwa hai. Tangu hapo nilimwamini kabisa. Mtu anayepima nguvu ya mkono wake hataniharibia kazi.

Nilikaa siku tatu kwa Akinyi nikinywa uji uliopoa na kuwakodolea macho samaki wa wateja. Alikuwa bado amenuna, lakini uji alikuwa anaukoroga mwenyewe.

Jumamosi nilirudi Asembo Bay na skrubu ndani ya mfupa, pengo palepale, na amri ya daktari: hakuna tarumbeta miezi minne. Bendi iliendelea bila mimi. Kijijini maneno hayakukosa. Kuna waliosema Odhiambo amekula ng'ombe wa babake kwa jino moja, na kuna jamaa mmoja wa ukoo aliyekuja hadi kibandani kwangu kuniuliza kama ni kweli, huku pikipiki yake ikingoja nimrekebishie breki. Nilimrekebishia breki. Nikamtajia bei ya breki.

Mwezi wa tatu wa kungoja, kifua cha Baba kilizidi, akalazwa. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu hasa. Watu walianza kupita nyumbani kwa sauti za chini. Jirani mmoja aliniuliza kama nimefikiria mahema. Nilimwambia mahema ayafikirie yeye, na kama ana haraka atangulie, maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Usiku nilipapasa pengo kwa ulimi na kuuomba mfupa ufanye haraka, nikijua vizuri kwamba mfupa hausikii. Baba alikaa wodini siku kumi na mbili. Akarudi nyumbani amekonda, shuka likimzidi, lakini amerudi.

Siku ya miezi minne kamili nilikuwa njiani tena, na safari hii sikusimama hata Ndori. Daktari aligongagonga skrubu kwa kijichuma, akasikiliza, akasema imeshika. Akachukua umbo la mdomo, akanilinganishia rangi na meno ya kando, na baada ya wiki mbili nikarudi kuwekewa jino. Nililipa elfu hamsini na tano mara moja. Kutoka kwa Rateng' ilibaki elfu tatu, nikanunua mafuta ya pikipiki na samaki wa Baba.

Nilipita Kibuye kumsalimia Mama Shiru. Alinishika kidevu mbele ya wateja wake, akanigeuza kulia na kushoto kama anayekagua koti.

"Hii ni grade one," akasema. Kisha akang'ata hindi choma kunionyesha kwamba na lake bado linafanya kazi.

Nikiwa barabarani nilijisemea yale ningependa kuwaambia nyinyi mtakaofuata njia hii. Ulizeni bei nzima, hadi jino la kung'atia. Jueni pesa ya hatua ya mwisho itatoka wapi kabla ya kulipa hatua ya kwanza, iwe ni chama, sacco au ile kampuni ya mikopo, na hiyo kampuni iulizeni riba kabla ya kuuliza kitu kingine. Daraja si dhambi, na plastiki nzuri si aibu kwa mtu asiyepuliza tarumbeta. Msingoje mfupa ulike. Na soda ina kifungulio chake.

Nyumbani nilifika saa tisa alasiri. Baba alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye ukuta. Aliniambia nifungue mdomo, akalitazama jino kwa muda, akaligusa kwa kidole.

"Ni ngumu," akasema.

"Ni ngumu, Baba."

"Basi chukua chombo."

Sauti ya kwanza ilipasuka. Midomo ilikuwa imesahau, miezi minne si mchezo. Ya pili ikatetemeka. Ya tatu ikasimama, na nilipohisi chuma kimeegemea jino na jino halikusogea, nikaanza wimbo wa kanisani anaoutaka siku yake, wote, ubeti kwa ubeti. Watu wa bomani walitoka mbio wakidhani mambo yameharibika, wakamkuta mzee palepale kitandani akicheka, lile pengo la meno sita wazi kabisa. Nilipomaliza alifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Hapo katikati umekimbia," akasema. "Siku yenyewe usikimbie."

"Sitakimbia, Baba."

"Na ng'ombe yangu utalipa. Lipa kidogo kidogo, kama vile umelipa hiyo jino. Mimi sina haraka."

Mwezi uliopita nilienda mnadani kumnunulia Baba fahali wake mwingine. Walikuwepo wakubwa, wanene, walio tayari, na pesa yangu ilitosha mmoja wao. Niliwapita wote. Nikanunua ndama mweusi, mdogo kuliko wote waliokuwepo, ambaye bado anatafuta titi la mamake.